Daftari la Watu Wawili

Mwalimu Feni hapendi kupiga simu. Akiwa na neno huandika ujumbe mfupi, bila salamu, kana kwamba kila herufi inamtoa jasho. Kwa hiyo Jumanne ile nilipoona jina lake linaita, nilijua ni msiba kabla sijapokea. Aliniuliza kama nimekaa. Nikamwambia nimekaa, ingawa nilikuwa nimesimama mbele ya wanafunzi wangu kumi na mmoja hapa Koboko, chaki mkononi. Akasema Candiru amefariki, atazikwa Alhamisi nyumbani kwao karibu na Vurra, na yeye mwenyewe yuko kwenye matibabu Kampala, hataweza kufika. Kisha akasema, "Wewe iko karibu, Halima. Enda utusimamie." Nikamjibu nitakwenda. Niliwaachia wanafunzi kazi ya kunakili, nikaingia chumbani, nikavuta sanduku la chini ya kitanda, na chini ya vitenge nisivyovivaa nikalikuta daftari la kurasa tisini na sita, jalada limeliwa na mende pembeni. Sikulifungua. Nililitia kwenye mkoba, wala sikujua nataka kulifanyia nini.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Habari za baba na mama, na jinsi nilivyobaki peke yangu, nitaziacha. Zina mahali pake. Hapa inatosha kujua kwamba nilikuwa na kazi moja, chumba kimoja na Jumamosi moja kwa wiki. Kazi yenyewe ilikuwa kuuza chai Oraba, pale mpakani upande wa Koboko, kwenye banda la mwanamke mmoja aitwaye Mama Sakina, na chumba changu kilikuwa nyuma ya banda hilohilo, kimetenganishwa na wateja kwa ukuta wa mbao. Kwa hiyo hata nikiwa nimelala niliwasikia. Madereva wa malori yaliyokwama wakingoja karatasi walizungumza habari za wake zao, za matairi, za mwenzao aliyekaa Kaya, ng'ambo ya mpaka, mpaka akaota ndevu. Mawakala wa forodha walibishana juu ya mihuri. Nilijua ni nani anakoroma na ni nani analia kwenye simu, na hakuna hata mmoja aliyejua juu yangu lolote zaidi ya kwamba chai yangu ina tangawizi nyingi. Nikikosa mteja nilifungua daftari na kuandika, na wao walinitania kwamba namwandikia mume barua. "Barua gani hii yote iko na mabano?" wakala mmoja aliniuliza siku moja akichungulia begani. Nilimwambia ni barua ya kompyuta. Akacheka, akaomba sukari.

Ilikuwa kweli ni barua ya kompyuta. Mwalimu Feni alikuwa amefungua darasa la kufundisha wanaoanza kutengeneza tovuti, siku ya Jumamosi tu, kwa watu wenye kazi zao, katika chumba kilichokuwa stoo ya mahindi nyuma ya duka moja mjini Arua. Kila ukisogeza meza ulikuta punje. Kompyuta zilikuwa sita na wanafunzi kumi na wawili. Umeme wa mji siku zile ulikuja jioni, ukijisikia, kwa hiyo Mwalimu aliwasha jenereta saa tatu asubuhi na kuizima saa sita kamili, hata kama umebakisha neno moja. Kwa sababu ya saa hizo tatu alitunga sheria yake: hakuna anayeingia bila daftari. Wiki nzima uandike kazi yako kwa kalamu, kila mstari kama utakavyouchapa, na kila tagi, ile amri ya kompyuta inayoandikwa ndani ya mabano, unayoifungua kwa wino wa buluu uifunge kwa wino mwekundu. Alisimama mlangoni na kukagua. Akiona umefungua bila kufunga, alikurudisha verandani ukatafute kosa lako. Leo wanafunzi wangu nikiwaeleza haya wananitazama kama mtu aliyejifunza kuogelea mchangani, na labda ndivyo nilivyokuwa. Kuanzia Jumapili hadi Ijumaa nilitembea na ukurasa kichwani ambao haukuwa umeonekana na mtu yeyote, hata na mimi.

Ijumaa baada ya swala niliomba lifti kwenye lori linalorudi tupu, nikashuka Arua, nikalala kwa Habuba Zaitun. Sisi Wanubi bibi tunamwita habuba, lakini huyu hakuwa bibi yangu; alikuwa mzee aliyefahamiana na Mama Sakina na mwenye nafasi ya mkeka mmoja. Alisuka tabaga, yale makawa ya rangi ya kufunikia chakula, na chumba chake chote kilinuka ukindu uliotiwa rangi. Alikula mapema, mimi bado niko njiani, akanibakishia kisra, ile mikate myembamba ya mtama, na bamia chini ya tabaga, akaenda kujinyoosha karibu na redio yake. Nilikula peke yangu, nikisikiliza matangazo ya vifo: fulani wa mahali fulani, mazishi siku fulani, wajulishwe fulani na fulani. Tuliwajua wafu wa mkoa wetu mzima wa West Nile, mimi na Habuba, na walio hai hatukuwajua. Siku moja nilimuuliza mbona hatungojeani tule pamoja. Akasema, bila ubaya wowote, kwamba alizoea kula na watu saba na sasa akimwona mtu mmoja mbele ya sahani anawakumbuka sita. Sikuuliza tena.

Mwalimu alitugawa wawiliwawili kwa kufuata tulivyoketi siku ya kwanza, na mimi nilikuwa nimeketi karibu na Candiru kwa sababu ndicho kiti kilichobaki. Alikuwa Mlugbara, msichana mrefu mwenye vidole vyepesi, aliyeuza na mama yake vitu vya kutoka Congo kule Vurra. Mwandiko wangu ulisomeka, wake ulikuwa kama kuku amekanyaga tope, kwa hiyo tukakubaliana daftari moja la wawili: mimi nakaa nalo na kuandika, Jumamosi nasoma na yeye anachapa. Kilugbara changu kilikuwa cha sokoni tu, Kinubi yeye hakujua neno, tukabaki na Kiswahili chetu cha njiani. Na mazungumzo yetu yalikuwa hayohayo. Fungua aya. Andika. Funga aya. Fungua picha. Nikihesabu, nadhani kwa miezi mitatu sikusema kitu kwa binadamu mwingine kwa sauti ya upole kama nilivyosema yale maneno ya mashine, na Candiru aliyajibu kwa kugonga vidole. Saa sita jenereta ikizimika sote tulishtuka kwa ukimya, kisha kila mtu akashika njia yake.

Kazi ya mwisho wa kozi ilikuwa kutengeneza ukurasa wa biashara ya kweli ya mtu wa kweli, na sisi tulichagua tabaga za Habuba. Tulizipiga picha tisa. Kila tabaga ilihitaji mistari yake mitano ileile: picha, jina, rangi, upana, maelezo. Nikiwa Oraba niliandika ya kwanza yote, na kwa zile nane, ili kubana wino na karatasi kama tulivyofundishwa shule ya msingi, nikaandika "n.k." Jumamosi nilikuwa nasoma mbio kwa sababu jenereta ilikuwa inakohoa. Nikafika pale nikasoma, "Na kadhalika." Candiru akachapa. "Na kadhalika." Akachapa. Mara nane. Tulipoufungua ukurasa, ilitokea tabaga moja nzuri yenye nyekundu na kijani, na chini yake na kadhalika, na kadhalika, na kadhalika, hadi mwisho wa kioo. Mwalimu Feni aliinama akatazama kwa muda mrefu. "Kompyuta hapana mutu," akasema. "Mutu unaweza kumwachia akamaliza kwa kichwa yake. Hii kitu usipoiambia, haijui." Candiru alianza kucheka kwanza, kimyakimya, mabega yakitikisika, kisha nami nikashikwa, tukacheka mpaka akaniegemea begani. Siku hiyo alichukua kalamu yangu, akageuza hadi ukurasa wa mwisho wa daftari, akaandika kwa mwandiko wake wa kuku mstari utakaokaa chini kabisa ya ukurasa wetu: Imetengenezwa na Halima na Candiru. Akaniambia mimi atanitaja mbele kwa sababu ndimi niliyeharibu.

Nilirudi Oraba na kicheko kile. Nilikila wiki nzima. Nikimimina chai nilicheka peke yangu, na Mama Sakina akaniuliza kama nimepata mchumba. Jumamosi iliyofuata nilifika mapema, nimemletea Candiru gurusa, zile chapati zetu za maji, tatu, nimezifunga kwenye nailoni. Walikuwa verandani wanafunzi watano, yeye katikati yao, wanaongea Kilugbara, na ndani ya Kilugbara nikasikia "Na Kadhalika", wote wakaangua kicheko na kunigeukia. Leo, kwa umri wangu huu, najua hivyo ndivyo mtu anavyowatambulisha wenzake kwa rafiki yake. Lakini nilikuwa mpweke, na mpweke ana masikio ya ajabu, husikia kila kicheko kinamhusu. Gurusa sikuzitoa. Nilisoma siku ile kwa sauti kavu, fungua, funga, na aliponiuliza kama naumwa nikamwambia tuangalie muda. Jioni nilizila zote tatu kwenye mkeka kwa Habuba, zimepoa.

Jumamosi iliyofuata Candiru hakuja. Nilikuwa na simu ya tochi, na Jumatatu ujumbe ukaingia nikiwa naosha vikombe. Aliandika kwamba mama yake ameanguka, upande mmoja wa mwili hausogei, na yeye yuko Vurra anamwangalia. Nitarudi, aliandika. Mwambie Mwalimu. Kitabu kaa nayo. Usifute jina yangu. Nilisoma mara nyingi. Kwetu na kwao, mtu akikuletea habari ya ugonjwa unakwenda. Unachukua sukari, unapanda gari, unakaa nao japo nusu saa. Kutoka Arua hadi Vurra hakuna safari ya kumshinda mtu mzima. Nilijiambia nitakwenda nikipata nafasi, kisha nilijiambia labda hata hanitaki, ana wenzake wa verandani. Ujumbe sikuujibu. Na Mwalimu sikumwambia.

Sasa nieleze kilichokuwa kwenye mizani, maana bila hicho mtu atasema nilikuwa nimenuna tu. Mwalimu Feni alikuwa ametangaza kwamba atakayekuwa na ukurasa bora atabaki kuwa msaidizi wake, mtu mmoja tu, na angepewa chumba cha kulala pale nyuma ya darasa. Kwangu hilo lilikuwa kuondoka kwenye ukuta wa mbao na mikoromo ya watu nisiowajua. Na alikuwa na sheria nyingine: mwanafunzi akikosa Jumamosi nne bila taarifa, anafutwa kwenye rejista. Taarifa ilikuwa kwenye simu yangu. Jumamosi ya nne Mwalimu alikuja mezani kwangu na rejista, akaniuliza, "Mwenzako iko wapi? Iko na kuja, ama aliacha?" Nilitazama kioo. Nikasema, "Nafikiri aliacha." Alipiga mstari kwenye jina lake kwa rula, taratibu, kama mtu asiyependa kufuta. Halafu mimi nikashuka hadi chini ya ukurasa wetu, nikafuta herufi saba na ile "na" ya mbele yake. Ukabaki: Imetengenezwa na Halima. Kompyuta haikuniuliza kitu. Nikaona aibu, tena nikaona raha ya kuwa na kiti kipana, na vyote viwili nilivihisi kwa pamoja.

Ukurasa ule ulishinda. Mwalimu aliuweka mtandaoni, na mtu mmoja kutoka mbali akaandika kuulizia tabaga, Habuba akapika pilau. Mimi nikahamia chumba cha nyuma ya darasa. Jumamosi yangu ya kwanza ya usaidizi nilipewa kazi ya mlangoni: kukagua madaftari, buluu na nyekundu. Watu waliingia mmoja mmoja. Nikanyoosha mkono kupokea la aliyefuata, mkono ukabaki hewani, nikainua macho. Alikuwa Candiru. Alikuwa amekonda, amevaa viatu vya mama yake, mikono mitupu. Mdomo wangu ukasema maneno uliyokuwa umeyasema asubuhi nzima: "Kitabu yako iko wapi?"

Alinitazama bila hasira. Nilitamani angekuwa na hasira. "Iko kwako," akasema.

Ningeweza kuvuta mguu pembeni akapita. Daftari lilikuwa mezani, hatua tatu nyuma yangu. Nikamwambia jina lake lilifutwa, kwamba ni sheria ya Mwalimu, kwamba azungumze naye jenereta ikizimwa. Nilisema upesi na kwa heshima, kama karani wa mpakani. Candiru alichungulia juu ya bega langu, akaiona kompyuta yetu na msichana mgeni ameketi pale alipokuwa akiketi yeye. Akasema, "Sawa, Na Kadhalika," akageuka, akapita verandani, akaenda. Saa sita jenereta ilipozimwa nilitoka nje nikitumaini yuko. Hakuwepo. Mwalimu, aliyekuwa amemwona mgongo tu, aliniuliza yule msichana alikuwa nani mlangoni, nikasema alikuja kuuliza tu.

Mwaka ule uliisha hivyo. Nilikuwa na chumba chenye mlango wangu, meza yangu, na kimya. Nilikuwa nimeukimbia upweke wa Oraba, kumbe nilikuwa nimeubeba. Wanafunzi wapya waliniheshimu, hakuna aliyeniegemea begani. Habuba Zaitun, nilipomtembelea, alitazama picha za tabaga zake nilizomchapishia kwenye karatasi, akauliza yule mrefu wa vidole yuko wapi. Nikasema ameacha. Habuba akaendelea kusuka. "Watu hawaachi," akasema baadaye. "Wanaachwa." Chakula changu chote tangu siku hizo, na darasa langu hili la Koboko, vimetoka kwenye ile nafasi ya mlangoni. Arua si mji mkubwa, na kwa miaka yote hiyo nilipita njia ambazo nisingeweza kukutana naye, jambo ambalo ukitaka kulifanya katika mji mdogo ni kazi ya kila siku.

Alhamisi ya mazishi nilifika Vurra watu wamekwishakaa chini ya maturubai. Mshereheshaji alishika kipaza sauti akaita makundi, kama desturi ilivyo: wa kanisani, wa sokoni, wa chama cha akina mama, kila kundi linasimama, mmoja anasema. Kabla ya hapo kaka yake Candiru alikuwa amesoma wasifu. Alisoma alipozaliwa, alikosoma, akafika pahali akasema, "Alianza masomo ya kompyuta Arua, lakini hakumaliza." Watu wakaguna ule mguno wa kusikitikia. Kisha mshereheshaji akaita, "Wale walisoma naye kompyuta, wasimame." Niligeuka kutazama nyuma. Hakuna aliyesimama. Nikasimama peke yangu, katika uwanja wa mamia ya watu, nikapewa kipaza sauti.

Nilikuwa nimejiandaa kusema alikuwa mchapakazi. Nikasema, "Alimaliza. Kazi tulifanya wawili. Aliniomba nisifute jina yake, na mimi nilifuta. Alirudi, nikamzuia mlangoni. Nilikuja kusema hivyo." Turubai likapigwa na upepo. Mzee mmoja akakohoa. Mshereheshaji alichukua kipaza sauti, akanishukuru kwa maneno mafupi, akaita wawakilishi wa wafanyabiashara wa mpakani. Nilikaa. Jirani yangu alisogeza kiti chake kidogo, sijui ni kwa kunipisha au kwa kunikimbia.

Baada ya kaburi kufunikwa, tukinawa mikono kwa ajili ya chakula, mwanamke mrefu alinijia. Alisema anaitwa Ayikoru, mdogo wake Candiru. Nilingoja anitukane, nilikuwa tayari kabisa. Akaniuliza, "Wewe ndiye Na Kadhalika?" Nikaitika. Akaniongoza hadi kwenye benchi la jikoni, akaweka kati yetu sahani moja ya enyasa, ugali wa muhogo, na angara, wale samaki wadogo wakavu, akamega kwanza ili nami nimege. Alisema mwaka uleule dada yake alimpeleka Arua mjini kwenye duka la mtandao, akamfungulia ukurasa wa tabaga, akamwonyesha moja moja zote tisa. "Mimi nikasoma mpaka chini," Ayikoru akasema. "Nikamuuliza, jina yako iko wapi? Akasema, iko kwa kitabu. Kitabu iko na mutu ya Koboko. Tukatoka, tukaenda kununua samaki."

Nilinawa mkono, nikaufuta vizuri, nikafungua mkoba. Nililitoa daftari na kulifungua kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule, nikageuza hadi ukurasa wa mwisho. Wino wa buluu ulikuwa umefifia kidogo. Ayikoru aliinama, akaweka kidole chini ya jina la pili, akakiacha pale. "Hii ni mkono yake," akasema. Tulikaa hivyo mpaka chakula kikapoa. Halafu akalifunga daftari, akaliweka upande wake wa benchi, na mimi sikumwomba anirudishie.